Karibu, Dada

Leo nimefuta sura ya mwisho kwa mara ya tatu. Riwaya ninayowaandikia vijana ni ya ndugu wawili waliotenganishwa wakiwa chini ya walezi tofauti, na kila nikiwafikisha kwenye kukutana, wanakumbatiana, wanalia, basi.

Mimi na mdogo wangu hatukulia.

Tulitenganishwa Nakuru mwaka 2008, baada ya ghasia za uchaguzi. Tulikuwa tukilala hemani pale uwanja wa maonyesho, mimi nina miaka 10, yeye 5. Makao yaliyonipokea yalichukua wasichana tu. Yeye akaenda kwa familia ya Kisumu iliyomfahamu marehemu baba. Hakuna aliyetukosea, na hilo ndilo linaloniudhi. Mwaka uliofuata Umoja wa Mataifa ukapitisha miongozo kwamba ndugu waliozoeana wasitenganishwe ila kwa sababu nzito. Nilipokuja kuisoma, nilicheka peke yangu.

Aliondoka na sweta yangu ya shule, mikono imekunjwa mara mbili. Baridi ya Nakuru mwezi Julai haina mchezo. Nilimchukia kwa ajili ya ile sweta, halafu nikajichukia kwa kumchukia.

Tulionana tena 2015. Nimeshuka tu kwenye matatu steji ya Kisumu, kijana mrefu akashika begi langu. "Karibu, dada." Nikalivuta begi, nikamwambia asante, nitabeba mwenyewe. Nilidhani ni wale wa kutafuta abiria. Baadaye alikiri kwamba nilikuwa mwanamke wa nne ambaye yeye alimwita dada asubuhi ile.

Nyumbani walizungumza Kijaluo, yeye na mama yake. Ndiyo, mama yake. Mimi nimekaa na sahani ya omena kama mgeni wa kanisa. Akitaka kunisemesha, anageukia Kiswahili cha darasani: "Je, ungependa kuongezewa ugali?"

Mhariri anasisitiza niandike "mama wa kambo", eti ndilo neno linaloeleweka. Linaeleweka mno! Kambo wa hadithi zetu humnyima mtoto chakula. Huyu alinifungia samaki wawili wa kukaanga kwenye gazeti, akasimama steji mpaka gari likajaa.

Kabla sijapanda nilimuuliza mdogo wangu kuhusu sweta.

"Sweta gani?"