Agano la kufa, agano la uzima

Juzi mwanangu alikuwa mezani na daftari lake la kipaimara, mimi nakata vitunguu. Akaniuliza, "Mama, agano na mkataba si kitu kimoja?" Kisu kikasimama. Nikawa nimerudi Hong Kong, mtaa wa Sham Shui Po, kwenye kile kiofisi cha dalali wa nyumba.

Kikantoni, lugha ya kule, maneno yake mazito nilifundishwa na bibi mmoja wa kanisani. Biblia yake ilikuwa ile tafsiri ya 1919, iliyoandikwa kwa Kichina sanifu, lakini kule huisoma kwa matamshi ya Kikantoni. Aliweka ukucha chini ya herufi, akanisubiri. Gau yeuk, Agano la Kale. San yeuk, Agano Jipya. Nikiishusha sauti, alitikisa kichwa: yeuk ya sauti ya chini ni dawa, si agano. Nilirudia mpaka ikakaa. Herufi yenyewe, 約, kushoto ina alama ya uzi, na kwa ajili ya huo uzi niliipenda kuliko zote.

Basi dalali aliponisogezea karatasi za chumba, macho yalitua pale pale. Zou yeuk, mkataba wa kupanga. Herufi ya bibi, imegongwa mhuri mwekundu pembeni! Dalali akaonyesha kwa ncha ya kalamu: mwaka wa kwanza sei yeuk, wa pili saang yeuk. Sei ni kufa. Saang ni kuishi. Maneno yote matatu nilikuwa nayo kutoka kanisani, na mkono ukawa mzito. Agano la kufa, kisha agano la uzima? Akanieleza taratibu, kama anavyoelezwa mgeni: la kufa halivunjiki, mwaka mzima umefungwa; la uzima unaweza kulitoka ukitoa taarifa mapema. Feni ilikuwa inapeperusha kona ya karatasi, akaibana kwa kikombe cha chai. Nikatia saini.

Mwezi wa nane wa mkataba baba akaugua Tanga. Niliondoka. Kodi ya miezi minne iliyobaki niliilipa yote, na sikuwa na la kubisha. Bibi alinisindikiza hadi kituo cha basi, amenishika kiganja, hakusema kitu.

Nilimsimulia mwanangu hayo yote. Akafikiri, penseli mdomoni.

"Kwa hiyo lisilovunjika ndilo la kufa?"

"Kwa madalali wa kule, ndiyo."

"Na la Mungu je?"

Nilirudi kwenye vitunguu. Hadi leo daftari lake lina nafasi tupu mbele ya swali hilo, na kila nikipita mezani naitazama.