Siku Rangi Ilipopotea Tangini

Uzuri wa laikopini, rangi ileile inayofanya nyanya iwe nyekundu, ni kwamba huhitaji mashine kujua kama ipo. Seli za bakteria E. coli zinazoitengeneza hugeuka nyekundu, hata mpita njia anaona. Ndiyo maana asubuhi ile hakuna aliyesubiri kusoma vipimo. Mchuzi wa tangi, yaani kimiminika tunamokuzia bakteria hao, ulioachwa jioni ukiwa mwekundu wa nyanya ulikuwa umepauka, umebaki weupe wa maziwa wenye wekundu wa kubahatisha.

Mfumo wenyewe haukuwa mgeni. E. coli kwa asili hutengeneza vipande vya kaboni 5, yaani IPP na DMAPP, kutokana na piruvati na gliseraldehidi-3-fosfati. Juu ya njia hiyo ziliongezwa jeni tatu za bakteria wa jenasi Pantoea: crtE inayorefusha mnyororo hadi kaboni 20, crtB inayounga minyororo miwili kuwa fitoini ya kaboni 40, na crtI inayoitoa fitoini hidrojeni hadi ikawa laikopini. Jeni ya nne, dxs, ni ya E. coli yenyewe, ilizidishwa kwa sababu mtiririko wa njia ya asili hubana pale pale mlangoni. Zote nne zilipandishwa kwenye plazimidi moja (duara dogo la DNA) yenye ukinzani wa ampisilini, dawa ya kuua bakteria, kila jeni na promota yake (kipande cha DNA kinachoanzisha usomaji wa jeni) na terminata yake (kinachousimamisha). Promota na terminata hizo zilikuwa nakala za mfuatano uleule, na jambo hilo lilikuja kutugharimu.

Wa kwanza kushukiwa alikuwa asetati. Bakteria hawa wakilishwa glukosi kupita wanavyoweza kuichoma, ziada huitema kama asetati, na ikifika gramu kadhaa kwa lita ukuaji hudorora. Ila ulishaji ulikuwa umepigiwa hesabu. Lita moja ya mchuzi ilianza na gramu 20 za glukosi, ikatoa karibu gramu 10 za seli kavu. Tulitaka zikue kwa 0.15 kwa saa, maana yake karibu gramu 1.5 za seli mpya katika saa ya kwanza. Kwa kuwa gramu moja ya glukosi huzaa takriban nusu gramu ya seli, zilihitajika gramu 3 za glukosi; kwa maji ya kulishia yenye gramu 500 kwa lita, hiyo ni mililita 6 kwa saa, kisha pampu iongeze mwendo kadiri seli zinavyoongezeka. Asetati ilipopimwa ilikuwa kidogo. Oksijeni iliyoyeyuka ilikuwa juu ya asilimia 30, pH 7 haijatikisika. Seli zilikuwa nzima, zimenona, ila kazi zimeacha.

Jibu lilitoka kwenye sahani za agari. Sampuli ilizimuliwa mara 10 kwa hatua saba, nyingine nane, huku ncha ya pipeti ikibadilishwa kila hatua (ncha moja ikitumika mwanzo mwisho, hubeba seli za chupa nzito na kuharibu hesabu). Mililita 0.1 ilipakwa kwenye agari isiyo na dawa. Koloni zilipoota, nyeupe zilikuwa nyingi kuliko nyekundu. Kila nyeupe ikaguswa kwa kijiti na kuhamishiwa sahani mbili, moja ina ampisilini, nyingine haina.

Nyingi hazikuota penye ampisilini: zilikwisha kuitupa plazimidi. Dawa iliwekwa mikrogramu 100 kwa mililita, lakini kimeng'enya cha ukinzani, beta-laktamasi, huvujia nje ya seli na kuivunja dawa iliyomo kwenye mchuzi. Katika mchuzi mzito dawa humalizika ndani ya saa chache, na baada ya hapo asiye na plazimidi analindwa na jirani yake. Sahani nyingine yenye ampisilini ilionyesha jambo hilo waziwazi: kandokando ya kila koloni kubwa nyekundu palitapakaa vikoloni vyeupe vidogo mno, vimeota ndani ya duara ambamo dawa ilishavunjwa. Toka seli moja hadi tangi limejaa ni vizazi zaidi ya 40. Asiyebeba mzigo wa jeni nne akitangulia kidogo tu katika kila kizazi, mwishoni tangi ni lake.

Nyeupe chache ziliota penye dawa, na hizo ndizo zilizonivutia zaidi. Plazimidi yao ilipokatwa kwa vimeng'enya na kupitishwa kwenye jeli ya agarosi, inayotenga vipande vya DNA kwa urefu, mstari mmoja ulikuwa mfupi kwa besi 1,500 na ushei. crtI ilikuwa imeondoka pamoja na promota yake. Terminata ya crtB na ya crtI zinafanana, basi RecA, protini ya seli inayounganisha DNA zinazofanana, ilizikutanisha na kukifyeka kilichokuwa katikati. Fitoini ilikuwa ikiendelea kutengenezwa. Tatizo ni kwamba fitoini haina rangi.

Plazimidi ilijengwa upya: promota moja mbele, terminata moja nyuma, na kila jeni ikapewa mfuatano wake tofauti wa kushikia ribosomu, mtambo wa seli wa kutengenezea protini. Ukinzani ukawa wa kanamaisini, mikrogramu 50 kwa mililita, kwa sababu kimeng'enya chake hubaki ndani ya seli. IPTG, kemikali ya kuwashia jeni hizo, ilishushwa kutoka milimola 1 hadi 0.1 kwa lita, ikatiwa baada ya seli kuwa nyingi, na joto likashushwa kutoka nyuzi 37 hadi 30. Mbegu, yaani seli za kuanzishia tangi, ikawa inatoka moja kwa moja kwenye akiba ya gliseroli ya nyuzi 80 chini ya sifuri, bila kurithishana chupa kwa chupa.

Koloni nyeupe zikawa za kutafuta. Kazi ikahamia kwenye upimaji: seli zilizooshwa hulowekwa kwenye asetoni ya nyuzi 55 kwa dakika 15, zikazungushwa kwenye sentrifuji, na maji ya juu yakasomwa kwenye nanomita 474. Mirija sharti ifungwe kwa karatasi ya alumini, kwani laikopini ikipigwa na mwanga na hewa huoza, na namba inayosomwa huwa ndogo kuliko iliyomo tangini.