Huku demani: majibu kwa wanaotaka kuja Washington County, Maine

Wiki hii kijana mmoja wa Muheza anayeishi Ohio aliniandikia: "Shangazi, nimeona nyumba huko kwenu inauzwa bei ya gari jipya. Ina kasoro gani?" Nikamjibu kwamba nyumba yenyewe huenda haina kasoro, ila iko Washington County. Akadhani nasema Washington ya ikulu. La, mwanangu. Hii ni kaunti ya jimbo la Maine, kona ya mwisho ya Marekani upande wa mawio. Ukipitiliza kidogo umeingia Kanada, au umeingia baharini. Watu wake wote ni kama 31,000, na kutoka ncha hadi ncha unaendesha zaidi ya saa mbili, misonobari kulia, misonobari kushoto.

Mimi ni mtu wa Pangani. Nilifikia Portland kama Waafrika wengi wanaokuja Maine, kisha kazi ya kulea wazee ikanileta huku karibu na Machias. Huu ni mwaka wangu wa nane. Maswali ninayoulizwa na wanaotaka kuhamia, au kuja kutembea tu, yanajirudia, kwa hiyo nayajibu hapa kwa mkupuo. Nisidaiwe mpangilio.

Kwanza matamshi, maana ndiyo yanayokuumbua siku ya kwanza. Machias ni "Machayas". Calais, ule mji wa mpakani, si kama wa Ufaransa. Hapa ni "Kalas". Na eneo lote la pwani hii huitwa Downeast. Wageni hushangaa, kwenye ramani sisi tuko juu, hiyo "chini" imetoka wapi? Mimi nilielewa mara moja mzee jirani aliponieleza. Majahazi yaliyotoka Boston kuja huku yalipata upepo kwa nyuma, upepo wa kusini-magharibi, yakashuka nao kuelekea mashariki. Basi ni demani tu hiyo, upande upepo unakoelekea. Mabaharia wa kwetu waliokwenda na kusi na kurudi na kaskazi wasingehitaji maelezo.

"Kuna Waafrika?" Wachache mno. Takribani watu tisa kati ya kumi ni Wazungu. Wenyeji wa asili ni Wapassamaquoddy, wenye makazi yao Sipayik, jirani na Eastport, na Motahkomikuk kule ndani kwenye maziwa. Wasomali wako Lewiston, Wakongo wako Portland, na kutoka kwangu hadi Portland ni saa nne za barabara, kiangazi. Kwa hiyo ukija huku jiandae kuwa wewe ndiye Mwafrika wa dukani, Mwafrika wa benki, Mwafrika wa kituo cha mafuta. Mwezi wa kwanza nilihesabu macho. Mwezi wa tatu nikaacha. Nimewahi kutolewa neno chafu, mara mbili, na mara zote na mtu aliyekuwa ndani ya gari linalopita. Kazini kuna bibi mmoja asiyekumbuka tena majina ya wanawe. Kila asubuhi ananiuliza natoka wapi, kila asubuhi namwambia Pangani, na kila asubuhi anasema ni jina zuri. Hayo yote ni ya hapahapa.

Lakini ubaguzi utakaoukuta kila siku ni mwingine, nao haujali rangi. Hapa kuna wenyeji na kuna "wa kuja". Ndiyo, wana neno lao kabisa la mtu aliyetoka kwingine, kama sisi pwani tunavyosema wa kuja, na hata Mzungu aliyehamia kutoka Boston miaka arobaini iliyopita bado anaitwa hivyo. Binti yangu alipozaliwa nilimuuliza mzee jirani kama huyu sasa atahesabiwa mwenyeji. Akafikiri, akasema: "Paka akizalia ndani ya oveni, wanawe hawawi biskuti." Nilicheka mpaka nikakaa chini. Nimekua nikisikia wazee wa Pangani wakisema hivyohivyo kuhusu watu wa bara, kwa maneno mengine tu.

Huyo mzee ni mvuvi wa kamba, wale wa baharini wanaoitwa lobster, na yeye ndiye jibu langu la swali la kazi. Vijana wengi wanaona picha za mashua na kamba wekundu wenye magando makubwa, wanafikiri watakuja kuvua. Sahau. Leseni ya kamba Maine haipatikani kwa kulipa ada tu. Unaanza kwa uanagenzi: angalau miaka miwili, siku 200 na saa 1,000 baharini, kisha unaingia kwenye orodha ya kusubiri ambayo watu hukaa nayo miaka. Mwenye leseni haruhusiwi kutega zaidi ya madema 800. Kila kamba hupimwa mgongo kwa kipimo cha chuma: chini ya inchi tatu na robo anarudi baharini, zaidi ya inchi tano naye anarudi. Jike mwenye mayai hukatwa alama ya V mkiani na kuachiwa, na yeyote atakayemnasa baadaye akaiona alama hiyo lazima amwachie pia, awe na mayai au asiwe nayo. Mzee anasema kuna majike aliowaachia mara nyingi hadi wanamzomea.

Watu wa huku hawaishi kwa kazi moja. Wanaishi kwa majira. Machi hadi mwanzoni mwa Juni ni vifaranga vya samaki mkunga, vyembamba kama tambi na vinapitisha mwanga, vinavyokingwa mitoni usiku na kuuzwa Asia kwa wafugaji. Kuna miaka ratili moja imepita dola 2,000, ndiyo maana leseni zake mpya hutolewa kwa bahati nasibu. Maji yakipwa kuna wachimba kombe, wameinama kwenye tope na uma mfupi wa chuma, na mgongo wa mchimba kombe unamjua hata akiwa kanisani. Agosti ni bluberi. Novemba ni kukata ncha za misonobari na kusuka mashada ya Krismasi. Katikati ya hayo mtu anakarabati boti, anasukuma theluji, anapasua kuni. Kazi ya mwaka mzima yenye bima iko kwenye hospitali, shule, magereza na nyumba za wazee, na Maine ndilo jimbo lenye watu wenye umri mkubwa kuliko majimbo yote. Kama una cheti cha kuhudumia wagonjwa, hutakaa wiki mbili bila kazi. Huna, basi anza nacho kabla ya kufunga mizigo.

Bluberi nimevuna, Agosti ya kwanza, kwa ubishi wangu. Si za kupandwa. Ni vichaka vya porini visivyofika gotini, vinajieneza vyenyewe juu ya tambarare za mchanga na mawe pande za Columbia, Deblois na Cherryfield. Shamba huchomwa moto au kufyekwa, linapumzika mwaka mzima, mwaka wa pili ndipo linazaa. Unavuna kwa chombo kama chanuo kubwa la meno ya chuma lenye kisanduku nyuma: unalichomeka chini ya matunda, unalivuta juu, majani unayapuliza. Siku hizi mashine zimechukua mashamba mengi, ila penye mawe bado ni mikono. Nilivuna na familia za Kimexico na za Wenyeji wa asili wa Mi'kmaq waliotoka Kanada. Walijaza masanduku matatu nikiwa bado napuliza majani ya la kwanza. Siku ya nne sikuamka. Oktoba nilirudi kuangalia tu, tambarare yote imegeuka nyekundu kama kanga, nikaisamehe.

Sasa maji. Hapa ndipo ninapojiona sijapotea. Kwetu bamvua kubwa, yale maji makuu ya mwezi, hufika mita 3 na kitu. Eastport, siku ya kawaida tu, kati ya maji kujaa na kupwa ni karibu mita 6. Gati inayoelea asubuhi iko usawa wa barabara, mchana unaishukia kwa ngazi kama unaingia kisimani. Wageni huacha gari ufukweni, wanakwenda kutembea kwenye ulimi wa mawe, wanarudi wanakuta ni kisiwa. Ukija, jambo la kwanza chukua ratiba ya maji; maduka ya vifaa hutoa bure, na kila jokofu la huku limeibandika.

Mwaka wangu wa kwanza sikuwa nayo. Jioni moja ya Oktoba nilimkuta mzee anafunga mashua yake, nikamwambia kamba ile ni fupi, kesho maji yatakuwa makubwa. Akaniangalia kwa zamu: mimi, kamba, mimi. Akauliza nimesoma wapi. Nikamwonyesha mwezi. Kesho yake nilikuta ndoo ya kombe mlangoni, bila jina. Huku mtu akikushukuru hasemi, anaacha ndoo.

"Baridi je?" Ni baridi. Januari mabomba huganda usipoacha bomba likidondosha. Lakini baridi unavaa, giza huwezi kulivaa. Kwa saa zetu ni rahisi kukumbuka, kila kitu ni saa kumi: Desemba jua linazama saa kumi kasorobo jioni, Juni linachomoza saa kumi na dakika 40 alfajiri. Usinunue nyumba Julai kabla hujakaa Februari. Na ile nyumba ya bei ya gari, kijana wangu, uliza mambo haya: inapashwa joto kwa kitu gani, maana mafuta ya majira mamoja yanaweza kukumaliza, paa lina umri gani, na kisima kimepimwa sumu ya aseniki lini, kwa sababu miamba ya Maine inayo na huwezi kuionja. Kama iko ufukweni, uliza maji yalifika wapi tarehe 10 na 13 Januari 2024. Dhoruba mbili ndani ya siku nne zilibeba magati ya wavuvi pwani nzima, na Machias mjini barabara ilikuwa mto.

Mwenye mimba, au anayepanga, apige simu mapema. Hospitali za mashambani zimekuwa zikifunga wodi za wazazi moja baada ya nyingine, na daktari bingwa kwa kawaida ni Bangor, karibu saa mbili kwa barabara ya msituni ambayo musi hukatiza usiku. Musi ni mnyama jamii ya kulungu, mrefu kuliko farasi, mweusi, na macho yake hayarudishi taa vizuri kwa sababu yako juu ya mwanga. Nilikwenda kujifungua kwa barabara hiyo Machi, mume wangu akiendesha kwa kilomita 60 kwa saa, mimi nikimtukana.

Wanaokuja kutembea tu, njooni Agosti au Septemba. Mei na Juni ni za usubi, utakula wali na usubi. Nendeni Lubec mkaone mnara wa taa wa West Quoddy wenye mistari myekundu na myeupe, uliojengwa 1858. Nendeni Jasper Beach, Machiasport, ambako ufuo ni kokoto tupu na wimbi likirudi zinaimba. Kuogelea? Maji ya Agosti yatakukata pumzi. Na msishangae mkifukuzwa mahali panapoonekana ni pwani ya Mungu: kwa sheria ya tangu ukoloni, mwenye kiwanja anamiliki hadi maji yanapopwa, na umma umebakiziwa haki ya kuvua, kuwinda ndege na kupitisha chombo. Unaweza kuchimba kombe hapo ukiwa na leseni. Kutandika mkeka, ombeni kwanza.

Jambo moja kwa wenye kesi za uhamiaji, na hili si mzaha. Kutoka Lubec kuna daraja fupi la kwenda kisiwa cha Campobello, alikokuwa na nyumba ya mapumziko Rais Roosevelt. Ni Kanada ile. Kama huna karatasi kamili za kurudi, usilivuke hata kwa kupiga picha. Na zilizopo zibebe kila siku, askari wa mpakani wanazunguka. Hata simu huvuka bila ruhusa: hushika mnara wa Kanada, inaruka saa moja mbele. Nimewahi kufika kazini saa kumi na moja alfajiri nikidhani ni saa kumi na mbili, nikakaa garini nalaumu Kanada.

"Nije na nini?" Buti zisizopitisha maji, matairi ya theluji, nguo ya rangi ya chungwa ya kuvaa msituni Novemba maana ni msimu wa kuwinda (Jumapili tu ndiyo hairuhusiwi). Unga wa sembe nunua Portland au Lewiston, gunia, si pakiti. Na iliki, njoo na iliki nyingi. Ya hapa inauzwa kwenye kichupa kama dawa ya macho, na mzee jirani siku hizi hanywi chai isiyo na iliki, kwa hiyo yangu haifiki Pasaka.