Nilivyoacha kufundisha udi kwa karatasi

Nilipoanza kufundisha udi, ile ala ya nyuzi ya taarabu, nyumbani kwangu mtaa wa Langoni, Lamu, nilijiona mwalimu kamili kwa sababu nilikuwa na karatasi. Nilichora shingo ya udi, nikatia alama kila mahali kidole kinapokaa, nikatoa nakala. Mwanafunzi akija baada ya alasiri namkabidhi udi, risha ya kupigia nyuzi na karatasi yake. Miezi miwili haikuisha, kati ya watano wakabaki wawili. Mmoja wao alikuwa mtoto wa dada yangu, hakuwa na pa kukimbilia.

Wa pili alikuwa na miaka 12. Akishika udi, vidole vyapapasa kama mtu atafutaye kitasa gizani. Siku moja nashughulika na nyuzi, naye amekaa mkekani akiimba chinichini kasida ya maulidi. Bayati tupu, moja ya maqamu, yaani mipangilio ya sauti, za muziki wa Kiarabu! Hata ile sauti ya pili, inayowatoa watu wazima jasho, ameiweka palepale.

"Hiyo umefunzwa na nani?"

"Sikufunzwa, Ami. Ndivyo iimbwavyo."

Kumbe wiki zote zile nilikuwa namfunza kitu alichokuja nacho kutoka kwao.

Udi si gitaa. Shingo yake haina vile vyuma vya kukata sauti, kwa hiyo kidole kikisogea upana wa punje ya mchele, umeshatoka. Karatasi haiwezi kukwambia hilo. Sikio ndilo linalokiambia kidole kisimame wapi. Na katika Bayati ndiyo zaidi. Ukianzia re, sauti ya pili si mi wala si mi bemoli, yaani mi iliyoshushwa nusu sauti, imekaa kati yao. Watoto wa Lamu wameilala na kuiamkia: kwenye adhana, kwenye kisomo cha chuoni, kwenye matari ya maulidi pale msikiti wa Riyadha. Jina lake hawalijui, na sioni haja ya kuanza na jina.

Basi nikageuza kazi. Siku hizi mwanafunzi mpya haanzi na vidole. Mimi napiga uzi wa re mtupu, polepole, yeye aimbe kitu chochote anachokijua juu yake. Akishatulia, namwambia aitafute sauti ya kwanza ya wimbo wake kwenye uzi mmoja tu, kisha ya pili. Akikosea simsahihishi, namwambia aimbe tena. Hapo kidole husogea chenyewe.

Jambo jingine lilikuwa nyuzi. Udi wangu una 11: jozi tano na besi moja peke yake, kutoka chini do, fa, la, re, sol, do. Zamani nilizisawazisha mwenyewe kabla hawajafika, nisipoteze muda wao. Sasa wanazisawazisha wao, na kwa anayeanza hilo hula nusu ya kipindi. Mzazi mmoja alilalamika kuwa analipia mwanawe akaze vigingi. Kweli analipia hilo. Kwa unyevu huu wa bahari vigingi huteleza kila siku, na mimi sitakuwako kwake saa tatu usiku. Chaki kidogo kwenye kigingi husaidia.

Kuimba hakukuwafaa wote, lakini. Fundi mmoja wa majahazi, mtu mzima, alikataa katakata kuimba mbele yangu. Alitaka kuona kwa macho, kama apimavyo mbao. Nikamtolea ile karatasi ya zamani, akatia alama zake kwa penseli ya kazini, na leo anapiga vizuri kuliko vijana wengi. Sikuwa na la kusema. (Ada yake pia hulipa mwanzo wa mwezi, jambo ambalo wazazi ilinibidi niwaombe mara tatu.)

Aliyenichosha zaidi ni kijana aliyetoka kwenye kinanda cha umeme. Vidole vyepesi, mapigo sawasawa, ila kila Bayati kwake ilishuka mpaka mi bemoli, maana ndicho kitufe alichokizoea. Miezi mitatu tulirudia sauti tatu tu: re, ile ya kati, fa. Nilimwomba kinanda akifunike kwa muda. Sidhani alinisikiliza.

Juzi alikuja amekibeba kwapani.

"Ami, hebu kitazame. Kimeharibika, Bayati haitoki."

Nilikibonyeza chote, kitufe kwa kitufe. Kilikuwa kizima.