Tuzo ya Shaba nimeipatia kwenye mizabibu ya Mpunguzi

Naandika hii kwa sababu nimechoka kusikia eti hizi tuzo za vijana ni cheti tu cha kubandika ukutani. Mi nimemaliza Shaba, ngazi ya kwanza ya ile tuzo ya kimataifa ya Duke of Edinburgh, ilianzia Uingereza mwaka 1956, inachukua vijana wa miaka 14 mpaka 24, nimeanza nikiwa na 19 kuna mtu akaniambia ushapitwa. Usimsikilize mtu wa hivyo.

Tuzo ina sehemu nne, kujitolea, michezo, ujuzi na safari. Hizo tatu za mwanzo ni kama saa moja kwa wiki kwa miezi 3, halafu moja unaivuta mpaka 6. Kwenye ujuzi ndo nilipotea. Binamu yangu alinishauri niandike kompyuta, ndo inalipa. Wiki nne naenda mjini, nalipia elfu mbili tatu, nakaa mbele ya mashine hakuna wa kunielekeza, kile kitabu cha tuzo cha kuandika unachofanya kila wiki hakina la maana. Nikabadili, inaruhusiwa.

Nikaenda Mpunguzi, huku Dodoma, kwa babu mmoja jirani ya shangazi, ana shamba la zabibu. Shikamoo babu, nataka kujifunza kupogoa. Akanipa mkasi, akanionyesha, kila tawi acha macho mawili, yale mafundo yanayochipua, linalozidi kata. Nikaona rahisi, alivyoenda kunywa uji nikashuka na mstari, kurudi akashika shina la kwanza akapapasa na kidole gumba, "Mjukuu wangu, macho yako wapi?" Mashina saba nilikuwa nimeyakata hadi mwisho, hakuna jicho hata moja, na pale kwenye mkato maji yanatoka tone tone kama mtu analia. Hakunifokea, lakini niliumia usiku ule sikulala.

Jumamosi iliyofuata nikaja na uzi mwekundu wa kushonea. Kila tawi nafunga juu kidogo ya jicho la pili kabla sijagusa mkasi, babu anapita anakagua, akikubali ndo nakata. Mstari mmoja ulikula asubuhi nzima ila sikukosea hata tawi. Wiki ya tano uzi nikauacha, kidole chenyewe kishajua. Na kila nikimaliza naandika, mashina mangapi, nimekosea wapi, babu anasaini. Andikeni jamani siku hiyo hiyo, ukisubiri mwisho wa mwezi umeshasahau kosa lako.

Ujuzi ndo niliuvuta miezi 6, nilianza Aprili, tukaja kwenye kufunga matawi kwenye waya, hadi mavuno nikayashika kwa mkono wangu.

Safari ilikuwa siku 2, usiku 1, kwa miguu, tuko watano, tukamalizia Kolo, kule Kondoa, kwenye michoro ya kale ya miambani. Maji bebeni ya kutosha, jua la huku mnalijua.

Saizi majirani wawili wa babu wananiita kupogoa, wananilipa kwa mstari. Yale mashina saba, matano yamechipua tena, kila nikifika shambani naanzia kwao.