Swichi imenigomea mwaloni

Jamani, leo swichi ya kuwashia gari imenitoa jasho pale mwaloni Kirumba, soko la samaki hapa Mwanza.

Nimeshapakia magunia ya dagaa, nataka niwahi Buzuruga kabla ya foleni. Nazungusha ufunguo: taa za dashibodi zinawaka, redio inaimba, stata (mota inayozungusha injini iwake) kimya. Hata "tik" hakuna.

Washauri wakajaa. Betri hiyo! Stata imekufa! Tusukume tuishtue! (Gari ni otomatiki, mnaishtuaje?)

Akaja fundi umeme, kijana mpole. Akawasha taa kubwa, zikang'aa vizuri, akasema betri tuiache. Akatoa gia P (ya kuegesha) akaweka N (huru), akajaribu tena. Wapi!

Akaingia chini, akagusisha testa (kitaa cha kupimia umeme) kwenye waya mwembamba wa stata. "Mama, zungusha." Testa haikuwaka. Umeme haufiki.

Basi akafungua plastiki za chini ya usukani, akachomoa swichi yenyewe, kile kidude kinachokaa nyuma ya silinda ya ufunguo. Akakifungua akanipa nishike. Kipande kimoja cha shaba kimeungua, cheusi tii, kimelika upande, na bado kinanuka plastiki iliyoungua. Kidogo kuliko ukucha wangu, na ndicho kilichonianika juani na dagaa wangu!

Kakisugua na msasa, gari likawaka. Ila kasema hapo tumesogeza siku tu, ninunue swichi nyingine. Silinda ni nzima, kwa hiyo ufunguo unabaki uleule.

Wana Mwanza, nichukue mpya au ya mtumba? Na duka gani haliuzi feki? Nitajieni, kesho asubuhi natoka tena.