Niliacha kubadilisha deki kila nikifungwa, ndo nikaanza kushinda

Nacheza Magic: The Gathering, mchezo wa kadi ambao kila mtu anakuja na deki yake (fungu la kadi alizozichagua mwenyewe), miaka kadhaa sasa, na kwa muda mrefu nilikuwa nikifungwa tu nafungua deki natoa kadi. Nimefungwa na deki nyekundu ya haraka, naongeza kadi za kurudisha maisha (zile pointi ambazo zikiisha umefungwa), wiki inayofuata nakutana na mtu anayezuia kila ninachocheza, natoa zile naweka nyingine. Deki zilizoshinda mashindano makubwa zipo intaneti kadi kwa kadi, kwa hiyo nilikuwa nakopi orodha nzima, kadi 60 na zile 15 za akiba, naenda nayo kwenye shindano nafungwa raundi tatu, narudi nasema hii deki imepitwa na wakati. Mbaazi ukikosa maua husingizia jua.

Mechi iliyonishtua ilikuwa hivi. Mimi nina maisha 14, mpinzani kabakiwa na 6, mkononi nina Lightning Bolt moja, ile inayopiga 3, iwe mchezaji au kiumbe, kwa mana (nguvu ya kulipia kadi) moja tu. Akashusha kiumbe cha 2/2 (kinapiga 2, kinakufa kikipigwa 2), nikakipiga Bolt palepale, yaani kiumbe kipo, Bolt ninayo, basi. Zamu yangu ikafika, navuta kadi, Lightning Bolt nyingine. 3 na 3 ni 6. Alikuwa na 6! Jamaa akarudisha maisha, akajaza meza, mchezo ukaisha. Nilikuwa tayari nachambua ni kadi gani nne nitoe, ndo mwenzangu aliyekuwa anaangalia akaniuliza, "Kaka, kile kiumbe kilikuwa kinakufanya nini?" Nikapiga hesabu. Kwa maisha 14 kilihitaji kunipiga mara 7 ndo nife, na mimi nilihitaji zamu moja tu.

Nikajiwekea sharti, miezi miwili kadi 60 zilezile, siongezi sitoi. Kila nikifungwa naandika kwenye daftari nilianza na karata gani, mambo yaligeuka zamu ya ngapi, na nini ningefanya tofauti. Wiki za mwanzo ilikuwa kazi kweli, unafungwa mara mbili mfululizo halafu unaona kadi mpya watu wanaisifia, mkono unawasha, lakini nikakaza.

Daftari lilipojaa kurasa kadhaa nikaona kitu ambacho sikutegemea, michezo mingi nilikuwa naipoteza kabla sijacheza kadi hata moja. Deki yangu ina ardhi 20, zile kadi zinazokupa mana, na kwa ardhi 20 kwenye kadi 60, karibu mara moja kati ya nne unapata kadi saba za kuanzia zenye ardhi moja au bila ardhi kabisa. Mimi nilikuwa nazibakiza zile za ardhi moja kwa sababu kadi nyingine sita ni tamu. Sasa piga hesabu, ukiwa na ardhi moja, kwenye kadi mbili zinazofuata kuna kama mara 4 kati ya 10 huvuti ardhi yoyote, unakaa unaangalia mwenzako anacheza. Na sheria ya tangu 2019 ya kurudisha karata ina huruma kweli, unavuta saba upya unachagua moja unaiweka chini ya deki, kwa hiyo unabaki na sita bora. Nilipoanza kurudisha bila uoga matokeo yalibadilika ndani ya wiki mbili na deki ni ileile.

La pili ni kujua kwenye mechi hii mimi ndo nashambulia au ndo nasubiri. Nikikutana na deki ya taratibu, kila Bolt ni ya kwenda kwa mchezaji mwenyewe, kwa sababu mchezo ukirefuka yeye ndo anashinda. Nikikutana na deki yenye kasi kunizidi, Bolt hiyohiyo ni ya viumbe vyake, nabana mpaka aishiwe kadi mkononi. Hiyo haiandikwi kwenye orodha ya deki. Unaweza kukopi kadi zote 75 za bingwa lakini hukopi alichokuwa anafikiria zamu ya tatu.

Ila sisemi kupanga deki hakuna maana, hapana. Daftari hilohilo lilinionyesha kadi moja ya mana nne, nilikuwa nazo nakala nne, na ukiwa na nakala nne kwenye 60 mara 4 kati ya 10 unaanza nayo mkononi. Kwenye deki ya ardhi 20 hiyo ni garasa mpaka mchezo ukaribie kuisha, na karibu kila ukurasa wa kufungwa ilikuwepo imekwama mkononi. Miezi miwili ilipoisha nikatoa mbili, nikaweka kadi mbili za mana moja. Ndo badiliko pekee nililofanya, na safari hii nilijua kwa nini nalifanya.

Shindano lililofuata nilishinda raundi nne kati ya tano, sijawahi kufika hapo. Jamaa mmoja niliyemfunga akaja kuniomba orodha ya deki. Nikamtumia, halafu nikapiga picha kurasa sita za daftari nikamtumia na zenyewe.